Mate ya Bibi Hayaingii Kichupani

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi Musoma na shahada ya baiolojia na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Ajira hakuna. Nyumbani kwetu Mwisenge mama alinipa beseni, nikawa namsaidia kuchambua dagaa kabla hajazipeleka sokoni, na kila mteja aliyefika mlangoni alinikagua kuanzia kichwani hadi miguuni kisha akaniuliza nasubiri nini kuolewa. Nami nilimuuliza kwa nini hamuulizi kijana wa nyumba ya pili, aliyenizidi umri na anayelala mpaka saa nne. Mama alikuwa akinifinya. Siwezi kuacha jambo lipite bila kuliuliza. Nilikuwa hivyo tangu shule ya msingi, na walimu waliipa tabia hiyo majina mengi, hakuna hata moja zuri.

Kwa hiyo timu ya watafiti ilipokuja mkoani ikitafuta msaidizi wa muda, mtu anayeweza kueleza mambo ya vinasaba kwa Kiswahili cha kawaida na kusalimia kwa Kizanaki, nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Tulipita vijiji vya Butiama. Tulikaa na watu wazima waliokubali kutusikiliza, tukawaeleza kwamba ndani ya mate ya mtu kuna urithi alioupata kwa wazazi wake, nao kwa wazazi wao, kurudi nyuma hadi nyakati ambazo hakuna aliyeandika chochote. Na kwamba ukilinganisha mate ya watu wengi unaweza kukisia ni makundi gani ya watu yalipita hapa, yakakaa, yakazaliana. Baada ya hapo tuliwaomba wateme mate kwenye kichupa.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kwetu mate si kitu cha kutupa hivi hivi. Mzee akikubariki anakupulizia mate kidogo, kifuani au viganjani. Anayesafiri, anayekwenda kwenye mtihani, binti anayeolewa, wote hawaondoki wakavu. Mimi mwenyewe nilipuliziwa kila nilipokwenda shule ya bweni, na bado sikufikiria jambo hilo hata kidogo mpaka tulipofika kwa bibi yangu.

Nyumba yake iko chini ya kilima cha mawe makubwa, yale mawe ya kwetu yanayokaa moja juu ya jingine kana kwamba mtu aliyapanga akaenda kunywa maji asirudi. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anapepeta mtama. Nikaeleza kila kitu kama nilivyofundishwa. Hakuna jina litakalotajwa. Hakuna anayelazimishwa. Nikampa kichupa.

Alikigeuza, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Humu yumo nani?"

"Hamna mtu, bibi. Unatema tu."

"Sasa nambariki nani?"

"Humbariki mtu. Mate yanakwenda maabara, yanapimwa."

"Mate yangu yasafiri peke yake?" Akamgeukia kiongozi wa timu, kijana mpole wa Morogoro aliyekuwa amechuchumaa kwa heshima mpaka miguu inamtetemeka. "Baba, huyu ni mke mwenzangu. Kila siku alikuwaga anaenda shule. Hebu niambie, walikuwa wanamfundishaga nini?"

Kabla sijajitetea alinivuta mikono, akanifungua viganja, akanipulizia, phuu, phuu, huku akiniombea kazi isiyokwisha na mume asiyelala mchana. Kijana wa Morogoro alicheka mpaka akavua miwani. Kichupa kilirudi kwenye boksi kikiwa kikavu.

Kwa kweli mate ya bibi yasingeniambia chochote kuhusu mimi. Hatuna damu moja, hata tone.

Babu aliacha wake wawili. Mmoja alikuwa na wana wa kiume. Mwingine, ambaye ndiye huyu bibi yangu, hakujaliwa mtoto. Kwetu mwanamke wa namna hiyo ana njia: anaweza kutoa ng'ombe wake na kuoa msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na nyumba isifungwe. Inaitwa nyumba ntobhu. Wageni wakisikia hukimbilia kufikiria mapenzi, hayamo. Msichana anampata mwanamume wa kuzaa naye, mwanamume huyo hadai kitu, na hakuna anayemuuliza. Hivyo ndivyo baba alivyozaliwa. Alikuwa na mama wawili: mmoja alimzaa, mwingine alitoa ng'ombe. Aliyemzaa alifariki nikiwa bado mtoto. Niliwahi kuuliza kama yeye, siku alipoolewa, aliulizwa iwapo anataka. Nikajibiwa kwamba ng'ombe walikuwa wazuri.

Mwanamume aliyehusika hazungumziwi. Lakini watu wanazungumza. Baba ni mrefu, mwembamba, na magoti yake yako juu kuliko ya watu wengine wa kijiji. Wengine husema alikuwa mfugaji wa Kitatoga aliyepita na ng'ombe mwaka wa ukame. Wengine husema mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba. Baba mdogo wetu, mtoto wa nyumba ile nyingine ya babu, hakuhitaji pombe ili kulisema hilo. Soda ilimtosha. "Ile miguu siyo ya kwetu," angesema, kisha angecheka ili ionekane ni utani. Shamba la bibi linapakana na lake, na la bibi ndilo lenye kisima.

Nikiwa mtoto sikujali miguu ya baba. Nilijali kikombe chake. Tulipokwenda Butiama likizo, baba alikunywa maziwa freshi, bado yana joto la ng'ombe, kikombe kikubwa cha bati hadi tone la mwisho. Mimi nilikunywa kama yeye. Mdogo wangu wa kike alikunywa nusu na kushinda chooni. Alikuwa na tumbo la mama. Mama ni mtu wa rasi ya Majita, wa ukoo wa wavuvi, na maziwa ambayo hayajaganda humfanya tumbo lingurume hadi walio chumba cha pili wasikie. "Maziwa ni ya ndama," husema. "Mimi nipe sato."

Chuoni nilikutana na kile kikombe tena, kwenye somo la urithi. Mhadhiri alieleza kwamba kwa kawaida tumbo la binadamu huacha kuyamudu maziwa baada ya kuachishwa kunyonya. Lakini upande wetu wa Afrika kuna watu ambao tumbo lao haliachi, na uwezo huo ulienea pamoja na wafugaji walioshuka kutoka kaskazini, upande wa Sudani na Ethiopia, maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya jembe la chuma. Wafugaji hao hawakukuta nchi tupu. Walikuta wawindaji waliokuwa hapa tangu zamani isiyohesabika. Baadaye wakaja wakulima kutoka magharibi, na mbegu zao na chuma chao na lugha ambazo ndizo mama za Kizanaki na Kijita na hiki Kiswahili. Wakaja tena wafugaji wengine kutoka kaskazini, wanaofanana lugha na Wajaluo na Watatoga wa leo. Na wote hao hawakupishana njiani wakisalimiana. Walioana, waliibiana, walilea watoto wa wenzao. Mtu wa Mara akitema mate kwenye kichupa anawatema wote hao kwa pamoja.

Nililipenda wazo hilo kama mtu anavyopenda fimbo nzuri. Niliona nimepata kitu cha kuwachapia wazee. Wazee wetu wanasema tulitoka Misri. Nusu ya makabila ya Mara yanasema yalitoka Misri. Sijui walibaki Wamisri wangapi. Nikamuuliza bibi kama anaamini. Akanionyesha kwa kidevu jiwe pana la nyuma ya nyumba, analoanikia mtama. Juu yake kuna safu mbili za vishimo vidogo, vimelainika kama ndani ya bakuli.

"Nani alichonga hivyo?" nikamuuliza.

"Sijui. Tulivikuta."

"Waliovichonga walikwenda wapi?"

"Watakuwa walikwenda wapi? Walioa." Akaendelea kupepeta.

Mradi ulikuwa unakaribia kwisha pale mdogo wangu alipopata posa. Yeye ni mwalimu wa chekechea Kigera, mpole, hana maneno yangu. Mchumba wake ana duka la dawa za mifugo Bunda. Walikutana kwenye kwaya ya jimbo, wakapendana kimya kimya, na mimi dada mtu nikajua baada ya fundi cherehani. Mama alifurahi. Shangazi zetu walinionea huruma kwa sauti: mdogo anatangulia, mkubwa yuko na vichupa.

Furaha ilidumu mpaka mshenga alipokaa na wazee wetu na kuanza kuulizana koo. Sisi mwiko wetu ni pundamilia: hatumuui, hatumli, hatukalii ngozi yake. Nao wa Bunda wakasema mwiko wao ni pundamilia. Mshenga akaweka kikombe chini. Watu wa mwiko mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hapo hakuna faini wala maombi. Wazee wakasema watakutana tena kwa bibi Butiama, pande zote mbili, na ikithibitika ni ndugu basi jambo lifungwe pale pale na vijana wasionane tena.

Nilimsindikiza mdogo wangu Bunda. Tulimkuta mchumba nyuma ya kaunta, kati ya dawa za kupe na chumvi ya ng'ombe, macho mekundu.

"Shemeji," akaniambia, "hapa Bunda pundamilia tunawaonaga barabarani. Sijawahi hata kuwasalimia. Leo ndiyo wananikataza kuoa?"

"Nyie wazee wenu wanasema mlitoka wapi?"

"Upande wa Sonjo. Walivuka mbuga yote ya Serengeti kwa miguu. Nyie?"

"Misri."

"Sasa hao pundamilia walikutana wapi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Mdogo wangu alikuwa anapanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Wakati wa kuondoka hakumpa mkono kwa sababu walikuwapo wateja, na hawakujua kama wao bado ni wachumba au wameshakuwa kaka na dada.

Njiani kurudi ndipo akili yangu ilipofika mahali ilipokuwa inaelekea muda wote. Jibu nililiona jepesi. Katazo ni la damu. Baba hana damu ya ukoo ule; hakuwahi kuwa nayo. Ukoo aliupata kwa ng'ombe wa bibi. Kwa hiyo mdogo wangu si ndugu wa damu wa mtu yeyote wa pundamilia, awe wa Butiama au Bunda, na sayansi haina la kupinga. Nikamweleza tulipofika stendi, nikiwa nimechangamka kama niliyepata ajira.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alinunua mahindi mawili ya kuchoma, akanipa moja.

"Ukishasema hivyo mbele ya watu," akaniuliza, "baba atakaa wapi?"

"Atakaa alipo. Ni ukweli tu."

"Alipo ni kwa nani?"

Mimi huwa nauliza, sijazoea kuulizwa. Nilikula hindi lote hadi gunzi, naye akaona imetosha.

Siku ya kikao tulifunga turubai la bluu la kanisa mbele ya nyumba ya bibi. Bunda walikuja na mshenga, baba mkubwa wa kijana, na shangazi yake, mama mnene mcheshi aliyeomba kiti chenye mgongo kabla hajasalimia. Upande wetu alikaa baba, baba mdogo, na wazee wawili wa ukoo. Bibi alikaa kwenye kigoda chake. Mama alikuwa jikoni nyuma na sato aliotoka nao Musoma alfajiri, na mdogo wangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Mimi niliwekwa kwenye kugawa maziwa. Nilimpa baba kikombe. Nilimpa baba mdogo kikombe. Akanywa, akaomba kingine.

Wazee walianza na safari za mababu. Sisi Misri, wao Sonjo. Sisi tulivuka mto huu, wao ule. Kila walipodhani wameachana, pundamilia aliwarudisha pamoja. Mzee mmoja wa kwetu akasema kwa masikitiko kwamba yeye haoni njia, mwiko ni mwiko. Nikasikia pazia linatikisika.

Ndipo baba mdogo alipokohoa.

"Mimi nasema aolewe," akasema. Watu wakashangaa, hajawahi kututakia jema. "Nasema aolewe, hakuna kosa lolote. Tusizungukezunguke. Huyu binti siyo damu ya pundamilia. Baba yake huyu hapa, tunamheshimu, lakini kila mtu anajua. Tazameni hiyo miguu. Tazameni anavyokunywaga maziwa. Hayo ni ya Watatoga. Basi tukubaliane wote hapa kwamba yeye ni mgeni wetu, binti aende kwa mumewe salama, na mambo ya shamba la nyumba hii tutayaongea siku nyingine, kwa utaratibu."

Ilikuwa hoja yangu. Neno kwa neno karibu, isipokuwa shamba. Niliisikia ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine na ilikuwa na harufu.

Baba aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akawa anaizungusha polepole kwa ukingo, kama mtu anayetafuta mahali iliposhonwa. Mtu mzima mwenye mvi, kwenye kiwanja alichojifunzia kutembea. Bibi alimtazama baba mdogo, akatazama pembeni.

Pazia likafunguka. Binti hatoki kabla ya kuitwa, lakini mdogo wangu alitoka, bila viatu, kitenge cha sherehe kimelegea.

"Kama ni kwa hiyo njia, siolewi," akasema. "Warudi tu nyumbani. Shikamooni." Akarudi ndani.

Nilikuwa nimesimama na jagi. "Baba mdogo," nikasema, "na wewe ni Mtatoga?"

"Nani?"

"Wewe. Hicho ni kikombe cha pili. Maziwa freshi. Tumbo limekuuma?"

"Tumbo langu linahusiana nini hapa?"

"Umesema maziwa ndiyo ushahidi. Hilo la maziwa nimelisoma miaka mitatu. Tumbo linaloweza maziwa hivyo tumelipata kwa wafugaji waliokuja huku kabla ya huu ukoo kuwa na jina, kabla ya Watatoga kuitwa Watatoga. Kila aliyemaliza kikombe hapa bila kukimbilia uani, yaelekea anao ndani yake. Na wakulima wa kutoka magharibi anao. Na wale waliochonga vile vishimo nyuma ya nyumba anao pia. Ukitaka tutafute damu ya pundamilia tupu kwenye kiwanja hiki, atabaki pundamilia mwenyewe."

Shangazi wa Bunda ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, kiti chake kikalia. "Mzee, weka hicho kikombe chini, watakupeleka malishoni!" Wengine wakafuata. Baba mdogo alikiweka kikombe chini, akakumbuka, akakichukua tena, akakosa pa kukipeleka.

Lakini kicheko hakikufungua njia. Mzee wetu alifuta macho, akasema kwamba binti amesoma na amesema vizuri, ila sasa ndiyo tumezidi kukwama: kama baba yetu ni wa pundamilia kweli kweli, na ni wa pundamilia, basi binti yake naye ni wa pundamilia, na Bunda nao ni pundamilia, na ndugu hawaoani. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemrudishia baba kiti chake na kumwondolea mdogo wangu mume, kwa hotuba moja.

Mama alitoka jikoni. Alikuwa na mwiko wa kusongea ugali mkononi, na unga mpaka kwenye kiwiko.

"Wazee wangu, mnisamehe, ugali unanisubiri. Mimi ni mtu wa ziwani, huu ukoo nilijifunzia jikoni. Tangu niolewe hapa, akifa mtu wa pundamilia napigiwa simu mwili haujapoa. Nakujaga na dagaa zangu, napika. Nimewapikia wa Nyamuswa, nimewapikia wa Buhemba, mpaka waliotoka Tarime. Ninyi wa Bunda, mama, samahani, sijawahi kuwapikia. Mkwe wangu aliyemzaa huyu mume wangu alipofariki, kutoka Bunda alikuja nani kuchimba?"

Baba mkubwa wa kijana alikuna shavu. "Hatukupata taarifa."

"Na ninyi mmefiwa lini?"

"Mwaka jana tulimzika kaka yangu," akasema shangazi, sasa bila kicheko.

"Pole sana, wifi. Hamkutuambia."

"Hatukuwaambia, kweli."

"Sasa mtu ambaye kwenye msiba humjui, kwenye harusi ndiyo anageuka ndugu?" Mama alifuta paji la uso kwa mkono na kujiongezea unga. "Kama ni ndugu, basi leo tuanze kuulizana misiba yote, mmoja mmoja, tuone nani hakuja. Kama siyo ndugu, samaki wameiva."

Shangazi wa Bunda akawageukia wanaume. "Huyu mama anatufukuza au anatukaribisha?"

"Anakaribisha," akasema mshenga haraka.

Wanaume walikwenda kusimama nyuma ya nyumba, karibu na lile jiwe la mtama. Hawakuchukua muda. Walirudi wakasema kwamba mwiko ni mmoja lakini moto wa ukoo uligawanywa zamani; watu wasiozikana si nyumba moja. Binti aolewe. Ila tangu leo, msiba ukitokea upande wowote, upande mwingine upigiwe simu, maana sasa ni wakwe. Niliona jinsi maneno ya mama yalivyorudi yakiwa yamevaa koti la wazee, na mama mwenyewe alikuwa ameshaingia jikoni.

Wakati wa kunawa nilimmiminia baba maji. Alinyoosha vidole vyake virefu juu ya beseni.

"Vile vichupa vyako," akaniuliza bila kuinua uso. "Vinaweza kumjua mtu?"

Nilimwelewa. "Havimtaji mtu, baba. Vinaonyesha watu wa zamani sana, wengi kwa pamoja. Yule mtu haviwezi kumtoa humo."

"Aa." Akafuta mikono kwenye suruali. "Huwaga nikinyoa ndevu namtazama kwenye kioo. Halafu namaliza kunyoa."

Bibi alisubiri watu wale washibe. Kisha akawaita mdogo wangu na kijana wa Bunda, wakapiga magoti, akawapulizia vifuani na viganjani na maneno yake marefu ya Kizanaki, ambayo shangazi wa Bunda aliyaitikia hata pale asipoyaelewa. Nilidhani amemaliza. Akapiga kigoda kwa kiganja.

"Na mwanangu yuko wapi?"

Baba alijitokeza. Hakuwa anaoa wala kusafiri. Alipiga magoti mbele yake, na hata hivyo alibaki mrefu, ikabidi bibi avute kichwa chake chini kwa masikio. Akampulizia utosini, phuu, mara nyingi, kwa nguvu kuliko alivyowapulizia wachumba, huku macho yake yakiwa juu ya bega la baba, yanamtazama baba mdogo aliyekuwa anatafuna mkia wa sato. Alipomaliza, mvi za baba zilikuwa zinang'aa kwa unyevu, naye hakuzifuta.

"Mke mwenzangu," bibi akaniita. "Mate yamebaki. Lete kichupa chako."

Sikuwa nacho. Mradi ulikuwa umekwisha, maboksi yalishapelekwa. Nikakinga mikono. Akanipulizia.

Mama alipita na sufuria, akaniona. "Kanawe," akasema. "Unashika chakula cha watu."